Boma Likigeuka Hoteli: Nani Anaruhusiwa Kuvuka Kizingiti?

Neno boma limesafiri mbali katika Kiswahili. Kwanza lilikuwa ua wa kuzuia mifugo isitawanyike na kuwakinga watu dhidi ya wanyama wakali na maadui. Baadaye likawa ngome. Wajerumani walipojenga vituo vyao vya utawala katika Tanganyika, wananchi waliviita maboma, na hadi leo katika miji mingi ya Tanzania Bara ukiambiwa mtu ameitwa "bomani" unaelewa kwamba ameitwa serikalini. Katika miongo mitatu iliyopita neno hili limepata maana ya nne: mahali mgeni anapolipia chumba, akalala, akanywa kahawa barazani na kuondoka asubuhi.

Makala haya yanahusu maana hiyo ya nne. Yanauliza jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo ni la kisiasa kwa kina chake: ofisi ya zamani ya dola inapogeuzwa hoteli, ni nani anayepata haki ya kuvuka kizingiti chake? Nalielekeza swali hili hasa kwa watu wa Bukoba na Muleba, kwa sababu mkoa wa Kagera una urithi mkubwa wa majengo ya utawala, ya biashara na ya ushirika ambayo hatima yake haijaamuliwa. Hata hivyo, ili tuone vizuri yaliyo mbele yetu, itatubidi tupitie Mikindani na Unguja, ambako uamuzi ulikwisha kufanyika.

Ofisi ilivyoingia Buhaya

Bukoba kama mji ilianza kwa ofisi. Mwezi Novemba 1890, Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria huko Sudan, alifika ufukweni mwa Ziwa Viktoria na kuanzisha kituo cha kijeshi cha Ujerumani. Kabla ya hapo mamlaka katika Buhaya yalikuwa katika makasri ya wafalme, yaani Abakama wa Kiziba, Kianja, Ihangiro, Kyamutwara na kwingineko. Baada ya hapo mamlaka yalipata anwani mpya. Mfalme aliyekuwa akiwaita watu sasa naye aliitwa.

Wajerumani hawakuwafuta wafalme hao. Bukoba, pamoja na Rwanda na Urundi, ilitawaliwa kama eneo la Residenti, yaani mwakilishi wa dola aliyetawala kupitia watawala wa jadi. Wafalme waliojua kusoma nyakati walinufaika. Kahigi wa Kianja alitumia urafiki wake na Wajerumani kujipanua na kujiimarisha dhidi ya wapinzani wake. Waliokosa urafiki huo walipungukiwa. Kwa hiyo uhusiano wa kasri na boma ndio uliopanga siasa za Buhaya kwa zaidi ya nusu karne.

Kwamba boma ndilo lililokuwa moyo wa mji kulidhihirika katika vita. Tarehe 21 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu na kuishambulia Bukoba. Katika siku zile mbili au tatu waliharibu kituo cha simu ya upepo na ngome, mji ukaporwa, kisha wakarudi walikotoka. Walirejea mwaka 1916, na safari hiyo walikaa hadi mwaka 1961. Mlolongo huo wenyewe ni somo. Aliyetaka kuuvunja mji aliivunja ngome na mawasiliano yake. Aliyetaka kuutawala alikuja kukaa ofisini.

Waingereza waliishusha ofisi hadi vijijini. Chini ya kila mfalme kulikuwa na gombolola, na chini ya gombolola kulikuwa na wakungu. Kulikuwa na Lukiko, iliyokuwa baraza na mahakama kwa wakati mmoja. Muleba ya leo, ambayo kwa sehemu kubwa ni Ihangiro ya zamani, ilitawaliwa kwa mtindo huo. Mkulima wa Muleba hakulazimika kufika Bukoba ili akutane na dola. Aliikuta katika nyumba ndogo ya gombolola, kwenye daftari la kodi, katika kesi ya mpaka wa kibanja, katika shauri la mahari au la mirathi. Maamuzi ya mabaraza hayo ni sehemu ya msingi wa kitabu cha Hans Cory na M. M. Hartnoll kuhusu sheria za mila za Wahaya, kilichochapishwa mwaka 1945 na kuendelea kutajwa mahakamani kwa miongo mingi baadaye. Maisha ya watu, hasa ya wanawake katika masuala ya urithi wa ardhi, yaliamuliwa kwa maneno yaliyokusanywa katika vyumba vile.

Lakini ofisi haikuwa chombo cha mtawala peke yake. Mwaka 1924 Klemens Kiiza, Suedi Kagasheki na Herbert Rugazibwa walikuwa miongoni mwa walioanzisha Umoja wa Wahaya mjini Bukoba, mojawapo ya vyama vya mwanzo vya kisiasa katika Tanganyika. Mwaka 1937 wakulima walizipinga kwa nguvu kanuni za serikali kuhusu kilimo cha kahawa. Mwaka 1950 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, na wakulima wakawa na ofisi yao, maghala yao na mizani yao. Katika vyama vya msingi, kuanzia Kamachumu hadi vijiji vya pembezoni, mkulima aliingia ofisini akiwa mwenye mali. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko tunavyokumbuka.

Badiliko hilo lilidumu kwa shida. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Umwinyi wa ardhi uliojulikana kama nyarubanja ulifutwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa katika miaka ya 1980. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kisha vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mkoa wenyewe, uliokuwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera mwaka 1979 baada ya vita na Idi Amin. Kila badiliko la namna hiyo liliacha nyuma nyumba iliyopoteza kazi yake: baraza lisilo na Lukiko, ghala lisilo na kahawa, ofisi isiyo na ofisa.

Nyumba ya namna hiyo ina njia tatu tu. Itaporomoka, itabomolewa, au itapewa kazi mpya. Hoteli ni mojawapo ya kazi hizo mpya, na huko tunakoelekea ndiyo inayovutia fedha kuliko nyingine.

Mikindani: boma lililofundisha kazi

Mfano unaofahamika zaidi Tanzania Bara uko mbali na Kagera, katika pwani ya kusini. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895 kuwa makao ya utawala wa wilaya. Tukumbuke zama zile zilikuwaje. Miaka mitano kabla ya hapo, Machemba, kiongozi wa Wayao katika nyanda za Makonde, alikuwa amemwandikia Hermann von Wissmann barua ya Kiswahili akikataa kuitika wito wake. Miaka miwili baada ya boma kujengwa, serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba. Kuta zile nene zilikuwa jibu kwa watu kama Machemba.

Waingereza waliendelea kulitumia boma hilo. Mradi wa karanga wa mwishoni mwa miaka ya 1940 ulipozaa bandari mpya ya Mtwara, Mikindani ilianza kusahaulika na shughuli za serikali zikahamia kwa jirani. Kufikia miaka ya 1990 jengo lilikuwa gofu. Ndipo shirika la hisani kutoka Uingereza, Trade Aid, lilipolichukua, likalikarabati na kulifungua kama hoteli. Kilichotofautisha mradi huo na biashara ya kawaida ni kwamba hoteli ilifanywa pia mahali pa kuwafundisha vijana wa Mikindani kazi za mapishi, mapokezi na huduma.

Tunaweza kulihoji jambo hili. Kwa nini jengo la utawala wa kikoloni liokolewe kwa hisani itokayo kwa mkoloni wa pili? Ni swali la haki, na jibu lake halitupendezi: sisi wenyewe tulikuwa tumeliacha liporomoke. Hata hivyo ukipima kwa kipimo cha kizingiti, Mikindani ilipiga hatua. Kijana ambaye babu yake aliingia bomani kwa kuitwa, aliingia humo kwa kujifunza kazi na kulipwa. Mlango ulifunguka zaidi kuliko mwanzo.

Unguja: uhuru uliolipiwa, na ofisi zilizouzika

Unguja inatupa mifano miwili yenye uzito zaidi. Wa kwanza ni mtaa wa Hurumzi katika Mji Mkongwe. Hapo ipo hoteli ya Emerson on Hurumzi, katika jumba la Tharia Topan, mfanyabiashara Mhindi wa Kiismailia aliyekuwa na usemi mkubwa katika ushuru wa forodha wa Zanzibar. Mwezi Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Jumba hilo linakumbukwa kuwa ndipo ilipokuwa ofisi ya shughuli ya kuwalipa mabwana ili watumwa wao waachwe huru, na masimulizi ya mji yanalihusisha jina Hurumzi na neno huru.

Mpangilio wa malipo yale unastahili kutazamwa kwa makini. Fidia alipewa bwana. Mtumwa hakulipwa chochote kwa miaka aliyofanyishwa kazi. Alitakiwa aombe uhuru wake mwenyewe, aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, na asipokuwa nazo aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakuguswa na amri ile hadi mwaka 1909. Ofisi iliyotoa uhuru ilikuwa pia ofisi iliyothibitisha, kwa risiti, kwamba mtu alikuwa na bei. Leo juu ya jumba lile wageni hula chakula cha jioni wakitazama jua likizama nyuma ya mapaa ya mji. Hakuna ubaya katika kula chakula. Ubaya ungekuwepo kama mgeni angeondoka akidhani alilala katika nyumba ya tajiri fulani wa kale, asijue kwamba hapo palikuwa na daftari la watu.

Mfano wa pili ni Mambo Msiige, Shangani. Jengo hili la katikati ya karne ya 19 lilipita mikononi mwa wamisionari wa Kianglikana, likawa ubalozi mdogo wa Uingereza, likawa hospitali ya Wazungu, na kwa miaka mingi likawa ofisi za serikali. Mzanzibari wa kawaida alikuwa na sababu ya kuingia humo: ana shida, ana karatasi, ana shauri. Mwaka 2015 lilifunguliwa kama sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, likiunganishwa na jengo jipya ufukweni. Mradi ule ulizusha mvutano mrefu. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa jengo jipya na athari zake kwa Mji Mkongwe, ambao ulikuwa umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Wengi walijadili urefu wa ghorofa na mandhari ya ufukwe. Wachache walijadili lililo zito zaidi, kwamba jengo la umma lilikuwa limeacha kuwa mahali ambapo mwananchi ana shughuli.

Kwa hiyo tunayo mizani. Mikindani, mlango ulipanuka. Hurumzi, kumbukumbu inategemea kama kuna anayeisimulia. Mambo Msiige, kuta zilipona lakini mwananchi aliyekuwa mteja wa ofisi akawa mpita njia. Pasipo fedha nyingi mfukoni, kizingiti kilichokuwa kikifunguliwa na karatasi ya wito kinabaki kimefungwa. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha kila siku, Bukoba na kwingineko, mwananchi akisema "hoteli" mara nyingi anamaanisha mahali pa kula, na mahali pa kulala anapaita gesti. Lugha yenyewe inatuonyesha ni hoteli ipi aliyoizoea.

Sheria na mwaka 1863

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya watauliza sheria inasemaje. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linalindwa pale tu Waziri anapolitangaza kuwa la kumbukumbu.

Hesabu hapa ni rahisi na matokeo yake ni mazito. Bukoba ilianza mwaka 1890. Hakuna ofisi hata moja ya mji huo, iwe ya Mjerumani, ya Mwingereza, ya Mhindi au ya ushirika, inayolindwa kwa umri wake. Historia yote ya dola ya kisasa katika Buhaya iko nje ya uzio wa sheria, mpaka pale atakapotokea mtu wa kuandika maombi na mwingine wa kuyasaini. Masalia ya wafua chuma wa kale wa Katuruka yako ndani ya ulinzi. Nyumba ya gombolola ambako bibi alinyang'anywa kibanja haimo.

Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilitukumbusha kwamba muda hautusubiri. Watu 17 walipoteza maisha mkoani Kagera, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule kongwe ya Ihungo ililazimika kujengwa upya. Katika hali ile ilikuwa sahihi kuwatanguliza watu, mahema na madarasa. Lakini ni miaka mingi sasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baadhi ya kuta hizi, zikishaanguka, hakuna fundi wa kuzirudisha.

Hoja mbili za kupinga

Wapo watakaosema kwamba majengo ya mkoloni hayastahili huruma, yaanguke na yasahaulike. Naielewa hasira hiyo, lakini haina faida kwetu. Jengo la utawala ni ushahidi. Anayetaka kuthibitisha kwamba watu waliswagwa, walitozwa na walidhalilishwa, asianze kwa kuharibu mahali pa tukio. Isitoshe, tumeona kwamba si kila ofisi kongwe ya Kagera ni ya mkoloni. Ghala la chama cha msingi Muleba limejengwa kwa kahawa ya wakulima wenyewe.

Wapo pia watakaosema kwamba wananchi hawali kuta, na kwamba mwekezaji akija na fedha asiwekewe masharti. Hoja hii ina uzito zaidi, kwa kuwa umaskini si nadharia. Lakini Kagera yenyewe imeijibu. Wanakijiji wa Katuruka, karibu na Maruku, walijipanga wenyewe kuhifadhi eneo la kale linalohusishwa na mfalme Rugomora Mahe na uhunzi wa chuma, wakajenga mahali pa kupokea wageni na kuwasimulia historia. Hawakungoja tajiri. Walianza na wazee wanaokumbuka. Na chama kikuu cha ushirika cha Kagera kina hoteli miongoni mwa vitega uchumi vyake mjini Bukoba. Wazo kwamba mkulima wa kahawa anaweza kuwa mwenye hoteli si ndoto katika mkoa huu.

Masharti ambayo Bukoba na Muleba ziyadai

Sipingi ofisi kugeuka hoteli. Nyumba isiyokaliwa hufa, na kodi ya pango inaweza kulipa bati na chokaa. Ninachodai ni masharti, na yaandikwe kabla ya kalamu ya mkataba kushikwa.

Kwanza, jengo la umma lipangishwe, lisiuzwe. Umiliki ubaki kwa halmashauri au kwa chama cha ushirika, na mkataba upitie Baraza la Madiwani hadharani. Yanayouzwa kimya kimya hukumbukwa kwa sauti kubwa baadaye.

Pili, karatasi zitoke kabla ya vitanda kuingia. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inatupa wajibu wa kutunza majalada ya ofisi za umma. Katika majengo mengi daftari za kodi, kesi na mizani ziko katika hatari ya kuchomwa siku ya usafi. Ukuta bila jalada lake ni mapambo tu.

Tatu, simulizi iwekwe ukutani, kwa Kiswahili na Kihaya, na isiwe ya kumfurahisha mgeni. Iseme nani aliamuliwa nini mahali hapo. Wanafunzi wa sekondari za Muleba na Bukoba wapewe nafasi ya kuikusanya kutoka kwa wazee wao.

Nne, chumba kimoja au baraza lenyewe libaki wazi bila kiingilio. Neno baraza, kwetu, ni sehemu ya nyumba na ni mkutano wa watu. Nyumba iliyokuwa na baraza la mashauri ikikosa baraza la wananchi, imebadilishwa hadi jina lake.

Tano, ajira na mafunzo yaanze na vijana wa kata husika, na sehemu ya pato itajwe kwa kiwango kinachojulikana na kutolewa taarifa kila mwaka.

Sita, maombi ya kutangaza majengo machache muhimu chini ya Sheria ya Mambo ya Kale yaandaliwe sasa. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji ofisa utamaduni mwenye orodha, picha na ari, na mkurugenzi asiyeliweka faili kabatini.

Wanaharakati mna kazi ya kuulizia orodha hiyo. Wanafunzi mna mada za tasnifu zilizolala vijijini kwenu zikiota kuvu. Watumishi wa umma ndio mnaoshika funguo, na pengine ofisi mnayosoma humo makala haya nayo siku moja itahamishwa. Aliyeitwa bomani kwa kodi, kwa kesi au kwa kahawa yake alisubiri nje mpaka aambiwe ingia. Mjukuu wake asisubirishwe tena mlango ule ule, safari hii na bawabu wa hoteli.